Ukungu wa Katikati ya Vioo

Jumamosi, 2 Desemba 2023

Mke wangu ametangaza wakati wa kifungua kinywa kwamba mama yake hatakaa peke yake shambani msimu huu wa baridi. Goti limegoma. Atakuja mjini mpaka theluji iyeyuke. Kilichobaki ni kuamua: aje kwetu au aende kwa Du-sik.

Du-sik ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Amehamia ghorofa jipya karibu na stesheni ya treni, juu kabisa, ambako masikio yanaziba kabla lifti haijafika. Bafu lake linaongea. Choo chake kinajifunika chenyewe. Jana alipiga simu kusema mama atastarehe sana kwake.

Sikubali. Mama mkwe akihama, mitungi yake ya maharage yaliyochachushwa inahama naye. Hakuna supu kama ya maharage yale katika mji mzima wa Chuncheon. Halafu kuna suala la heshima. Mimi, Tak Hyeong-bae, nimefundisha nusu ya mji huu kuendesha gari kabla ya kustaafu. Lakini kwa mama mkwe bado ni yule kijana aliyegonga banda la ng'ombe siku alipokuja kuposa.

Wazo likanijia hapohapo. Kijiji alikoolewa mama mkwe, Saemgol, kiko chini ya ziwa. Maji yalikifunika bwawa lilipojengwa, kabla mke wangu hajazaliwa. Sisi tunakaa ghorofa ya tatu na sebule yetu inatazama ziwa. Du-sik anatazama reli. Nikampigia mama mkwe mwenyewe. Nikamwambia hapa kwetu atawekewa kiti dirishani, aiangalie Saemgol yake asubuhi mpaka jioni. Akasema atakuja Jumapili ya wiki ijayo.

Ushindi. Nikaenda dirishani kuufurahia.

Ziwa halipo.

Kuna ukungu kwenye kioo. Nimefuta kwa kitambaa. Kitambaa hakijalowa, na ukungu upo palepale. Nikawaza, basi uko upande wa nje. Nikafungua nusu ya pili ya dirisha, nikajitokeza mpaka kiunoni, mke wangu kanishika mkanda huku akiniuliza kama kweli nina akili timamu. Nimefuta nje. Upo. Nikarudi nikafuta ndani tena, isije ikawa ulihama nilipokuwa nje. Upo.

Hauko ndani. Hauko nje. Sielewi.

Jumapili, 3 Desemba

Nimelifikiria jambo hili kitaalamu. Kwenye gari, ukungu wa kioo ni pumzi za abiria. Kwa hiyo ukungu wa nyumbani ni pumzi pamoja na supu. Na mke wangu amekuwa akichemsha mifupa ya ng'ombe tangu Ijumaa. Mhalifu kapatikana.

Nimepiga marufuku kuchemsha. Tumekula wali wa jana na kimchi, kabichi yetu ya kuchachushwa, tukiwa tumevaa makoti, maana nimezima pia joto la sakafuni. Mke wangu akauliza kama chai nayo imo. Nikasema imo. Akaenda kunywa kwa Bi Ok, jirani wa ghorofa ya juu, na hakurudi mpaka saa sita.

Jua likatoka. Alasiri kioo kikawa safi. Nikaliona ziwa lote, bata, daraja, milima ya ng'ambo. Nikampigia Du-sik kumweleza jinsi ziwa linavyoonekana. Akauliza dirisha langu linamhusu nini yeye. Wivu.

Jumatatu, 4 Desemba

Ukungu umerudi.

Hatujachemsha chochote. Mimi hata kupumua nimepumua kwa kiasi.

Jumanne, 5 Desemba

Nimempata mhalifu wa kweli. Bi Ok ana maua dirishani. Anayamwagilia asubuhi na jioni kama anazimisha moto. Maji yanashuka ukutani na kuingia kwenye kioo changu. Nikapanda kumweleza, kwa adabu lakini kwa msimamo.

Bi Ok alikuwa mwalimu wa kwaya. Nilitegemea atapaza sauti. Hakupaza. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilinichanganya zaidi, kisha akanipeleka kwenye dirisha lake. Kioo kikavu, safi, maua yanachanua. Akavaa ndara akashuka nami kuja kuliona la kwetu. Akaniambia nichore kitu chochote kwenye ukungu kwa kidole. Nikajaribu kuchora duara. Halikuchoreka. Akaniambia nijaribu upande wa nje. Huko nako halikuchoreka.

"Bwana Tak," akasema, "maji yako katikati. Hapa kuna vioo viwili, si kimoja. Zile kingo zilizovibana zimekufa."

Akanieleza polepole, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi kuhusu gia. Kati ya vioo viwili kuna hewa kavu iliyofungiwa. Pembeni kuzunguka kioo kuna gundi inayoziba, na ndani ya ule ukanda wa pembeni kuna punje ndogo zinazokunywa unyevu. Gundi ikichoka, hewa ya nje inapenya. Punje zinakunywa mpaka zinashiba. Basi asubuhi ya baridi maji yanatanda ndani, usipoweza kufika kwa kitambaa. Jua likipiga yanapotea. Kesho yanarudi. Baadaye yanaacha madoa meupe yasiyotoka kamwe. Akanionyesha kwenye kona: madoa meupe, yapo. Mimi nilidhani ni urembo wa kiwandani.

La kwake lilikuwa hivyohivyo mwaka juzi. Fundi vioo anayeitwa Pyo alikuja, akapima, akabadilisha kioo tu, fremu ikabaki. Akanipa namba yake ya simu.

Nikamshukuru. Namba sitaihitaji. Kitu kikilowa kinakaushwa, hakitupwi. Nani anatupa shati kwa sababu limelowa?

Jumatano, 6 Desemba

Punje zinazokunywa unyevu. Nimelala nazo kichwani. Asubuhi nikafungua kabati la jikoni kutafuta mwani wa kula na wali, na nikaona ndani ya pakiti kijifuko kilichoandikwa kwamba kinakausha unyevu, kisiliwe.

Punje hizohizo. Tunazo. Nyumba nzima inazo.

Nimefungua pakiti zote za mwani, pamoja na yale maboksi ya zawadi yanayosubiri mwaka mpya. Nikabandika vifuko kwenye kioo kwa mkanda wa gundi, safu kwa safu, ndani na nje. Mke wangu aliporudi sokoni akasimama mlangoni na mifuko mkononi. Akauliza ni mganga gani aliyeniambia nibandike hirizi, na tumekosa nini mpaka tufike huko. Nikamweleza sayansi yake. Akakaa chini bila kuvua koti.

Saa nane mchana ukungu ukatoweka. Nikamwita aje aone. Akasema jua limetoka. Watu wengine hawapendi kuamini.

Jioni akafungua mwani kwa ajili ya chakula. Umelegea kama karatasi iliyonyeshewa. Pakiti zote. Tumekula wali mtupu.

Alhamisi, 7 Desemba

Asubuhi ukungu upo, tena umetulia nyuma ya vifuko.

Nimetundika blanketi la umeme dirishani. Baada ya muda nikachungulia chini ya blanketi: kioo kikavu kabisa. Njia imepatikana. Tatizo ni kwamba blanketi likiwepo huwezi kuona nje, na likiondolewa ukungu unarudi.

Nimelifikiria sana hili. Bado sijaona pa kushika.

Ijumaa, 8 Desemba

Nimekuwa nikizunguka bure. Kama kilichokufa ni gundi ya pembeni, dawa yake ni gundi nyingine. Nimeenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua silikoni pamoja na bunduki yake ya kuminyia. Muuzaji akauliza ni ya bafuni au ya dirishani. Nikamwambia anipe inayoziba.

Nimeziba. Kuzunguka kioo chote, ndani na nje. Kwenye fremu. Kwenye mifereji ambamo dirisha linateleza. Chini ya fremu niliona vitundu viwili ambavyo bila shaka fundi wa zamani alivisahau, navyo nikaviziba. Hakuna hewa itakayopita hapo tena, si ya kuingia wala ya kutoka.

Bi Ok akapita kuleta kabichi, akachungulia. Akauliza kwa upole kama sikuona afadhali kungoja mchana, kioo kikiwa kimekauka. Nikatazama. Ni kweli, nilikuwa nimeziba ukungu ukiwa ndani. Nikamwambia ndivyo nilivyokusudia, kwamba utakosa hewa. Akatikisa kichwa, akaondoka na bakuli lake.

Mke wangu akauliza kama dirisha bado litafunguka. Nikamwambia ni dirisha, si mlango. Nyumba nzima inanuka silikoni, kama siki.

Jumapili, 10 Desemba

Siku imekuwa ndefu.

Du-sik amemleta mama mkwe kwa gari lake, na mitungi nyuma, imefungwa mikanda kama abiria. Mama mkwe kapungua. Ameingia akiegemea ukuta, lakini macho yake yalikwenda moja kwa moja dirishani.

Sasa ukungu hauondoki hata mchana. Umekuwa matone. Yanateleza katikati ya vioo kama mvua, nje kukiwa na jua. Du-sik akavua viatu, akatazama, akauliza, "Shemeji, mnaishi ndani ya sufuria ya mvuke?"

Nikasema ni hali ya mpito. Nikamwekea mama mkwe kiti palepale nilipoahidi. Akakaa. Akaweka mikono magotini akatazama kioo muda mrefu. Ningependa angesema kitu.

Mke wangu akachoma samaki. Moshi ukajaa. Akasema nifungue dirisha. Dirisha halikufunguka. Du-sik akaja kuvuta. Tukavuta wote wawili, kila mmoja akitaka lifunguke mkononi mwake. Mshikio ukang'oka. Du-sik akaanguka nao juu ya meza ya chakula. King'ora cha moshi kikalia, halafu kile kipaza sauti cha ukutani kikawaka na mlinzi akasikika jengo zima akiuliza nyumba namba 302 kama inaungua. Ikabidi nifungue mlango wa mbele na kupepea kwa zulia. Majirani wakatoka kutazama. Nikawapungia mkono.

Mama mkwe alikula samaki wake machozi yakimtiririka. Akasema ametiwa chumvi vizuri.

Du-sik akamwambia twende kwangu, Mama, chumba kiko tayari, sakafu ina joto. Mama mkwe akasema goti halipandi gari tena leo. Du-sik akasema basi atamfuata Jumanne. Akavaa viatu akinitazama. Mitungi bado ilikuwa garini mwake. Akaondoka nayo.

Jumatatu, 11 Desemba

Leo sitaandika mengi. Vidole vina baridi.

Hoja yangu ilikuwa nzuri na bado naamini ilikuwa nzuri. Maji yamefungiwa. Kitu kilichofungiwa kinahitaji njia. Kitundu kimoja kidogo kwenye kona ya chini, maji yatoke, kisha kitundu kizibwe. Nikaazima drili kwa mlinzi. Nikamwambia natundika picha.

Mke wangu alikuwa amekwenda duka la dawa. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake. Nikawa namweleza kila hatua huku natoboa, kama nilivyokuwa nikifundisha: kwanza polepole, usikanyage mafuta. Alikuwa akiitikia kwa kichwa. Ncha ikaingia. Nikamgeukia nimwonyeshe.

Ufa ukaondoka kwenye kitundu ukaenda kona ya juu. Mwingine ukaenda kona nyingine. Haukuwa na haraka. Nilijaribu kuuzuia kwa kiganja. Halafu kioo cha ndani kikaja chote chini, na drili, ambayo nilikuwa bado nimeikamata, na bado inazunguka, ikaingia kwenye kioo cha nje. Nacho kikaangukia kwenye ua wa miti chini. Bahati nzuri hakukuwa na mtu.

Upepo wa ziwani ukaingia ukachukua kalenda.

Mama mkwe akavuta shali yake. Akatazama nje, ambako ziwa sasa lilikuwa linaonekana bila kizuizi chochote.

"Sasa ukungu umetoka," akasema.

Mke wangu alirudi, akatazama, hakugomba. Nimekaa naye miaka ya kutosha kujua kwamba akigomba kuna usalama. Alichukua simu akampigia Pyo mwenyewe. Namba alikuwa nayo. Inaonekana Bi Ok alimpa kabla hata hajanipa mimi.

Fundi Pyo akaja na futi yake akapima. Akasema kioo cha namna hii hakikatwi palepale. Viwili vinaunganishwa kiwandani kwa kipimo, hewa kavu ikiwa ndani, kwa hiyo tungoje mpaka mwisho wa wiki. Kisha akaona silikoni. Akaipapasa. Akauliza ni nani aliyefanya kazi ile. Mke wangu akasema ni waliokaa hapa kabla yetu.

Sisi ndio wa kwanza kukaa hapa. Sijui alikuwa ananilinda au anajilinda.

Tumeziba shimo kwa plastiki yenye mapovu, na juu yake shuka nene la pamba. Sebule ina giza kama ghala la viazi. Nimemwambia mama mkwe alale chumba cha ndani. Alipopita karibu nami alinigusa bega, sijui ni kwa huruma au alikuwa anatafuta pa kushika.

Jumanne, 12 Desemba

Du-sik alifika mapema, amevaa koti jipya. Hakupiga hata kengele mara mbili. Akaniuliza mama yuko wapi, amefungasha? Nikafungua chumba cha ndani. Kitanda kitupu, blanketi limekunjwa vizuri.

Tulimkuta sebuleni. Alikuwa amebandua kona ya plastiki, amekaa kwenye kiti amejifunika shuka nene mpaka kichwani, uso uko nje ya jengo. Pua nyekundu. Mke wangu alipiga yowe. Mama mkwe akainua kidole tunyamaze.

Tukanyamaza. Mwanzoni sikusikia kitu. Halafu kikaja kutoka ziwani, sauti kama mtu anavuta kabati zito juu ya sakafu ya mbao, mbali. Ikakatika. Ikaja tena.

Barafu, akasema. Inashika pembeni. Alikuwa hajaisikia tangu Saemgol. Shambani hakuna maji mengi, na kwenye nyumba za vioo hizi za watoto wake hakuna kinachosikika isipokuwa friji.

Du-sik akamwambia atapata homa ya mapafu. Akasema kwake madirisha ni mazima, jua linaingia, kila kitu kinaonekana mpaka stesheni. Mama mkwe akasema hana mtu wa kumpokea stesheni.

Halafu akaanza kusimulia, bila kututazama. Nyumba ya Saemgol madirisha yake yalikuwa ya karatasi. Milango pia. Kila vuli baba mkwe, ambaye mimi sikumkuta, aliing'oa milango akaipeleka mtoni, akailoweka, akaisugua karatasi ya zamani itoke, akabandika mpya. Ikikauka inalia kama ngoma ukiigonga kwa kidole. Na siku ya kuhama, wakati maji yameshafika kwenye shamba la chini, aliing'oa tena. Watu wakamcheka. Akasema serikali itachukua kuta, na maji yatachukua sakafu, lakini milango nimeibandika mwenyewe juzi tu. Akaibeba mgongoni mpaka ng'ambo ya kilima.

Mke wangu akauliza mbona hajawahi kutuambia. Akasema hatukuwahi kumuuliza, na sebule ilikuwa na televisheni.

Nikaona nimwombe radhi. Nikaanza kusema kwamba niliahidi ataiona Saemgol kwa dirisha, na kwamba kioo kitakuja Jumamosi. Akanikatiza.

"Mkwe wangu, kwenye karatasi huoni kitu. Sisi hatukuwahi kuona nje kwa dirisha. Ukitaka kuona nje, unatoka nje. Nipe koti."

Du-sik akasema goti. Mama yake akamwambia goti ni lake yeye mwenyewe. Tukateremka wote wanne. Njia ya kwenda ufukweni ina utelezi, na Du-sik akampa mkono wa kushika. Mama mkwe akashika wangu. Sijui kwa nini. Pengine mimi ndiye niliyekuwa upande wa ukuta.

Ufukweni akasimama akanyoosha kidole. Pale, karibu na daraja, ndipo ulipokuwa mkunazi wa kina Hwang, jirani zao. Akatazama. Akasema hapana, ni mbele zaidi. Akatazama tena, kidole kikahama, kikahama tena. Mwishowe akakishusha. Akasema maji yote yanafanana, na akacheka, na machozi yakamtoka, na safari hii hakukuwa na moshi wa samaki. Mke wangu akamkumbatia. Du-sik akaenda kusimama peke yake akijifanya anatazama bata.

Mimi nilibaki nimemshika mkono. Nikapenga kamasi mara mbili. Nadhani ni baridi.

Tulinunua chapati za sukari za moto kwa mwanamke mwenye kibanda pale, mama mkwe akala mbili. Tulipokuwa tunarudi akamwambia Du-sik ashushe mitungi, ambayo bado ilikuwa garini mwake. Atakaa kwetu. Kutoka kwetu ufukwe unafikika kwa miguu.

Nimelitafakari jambo hili jioni yote. Kama nisingetoboa, kioo kisingevunjika. Kisingevunjika, asingeisikia barafu. Asingeisikia barafu, mitungi ingekuwa kwa Du-sik. Kwa hiyo nilitoboa sawasawa. Nimemweleza mke wangu. Ameniomba nimpitishie chumvi.

Jumamosi, 16 Desemba

Fundi Pyo kaleta kioo. Nimekaa karibu naye kuangalia asije akakosea.

Kwanza alikwangua silikoni yangu kwa wembe, kazi iliyomchukua muda mrefu kuliko kuweka kioo. Akatoa vipande vya pembeni vinavyobana. Akaweka kioo kipya juu ya vibao vidogo ili kisigusane na fremu, akakisukuma, akarudisha vya kubana, akapitisha mpira kuzunguka. Akazibua vile vitundu viwili vya chini. Kumbe havikusahauliwa. Vipo ili maji ya mvua yatoke, yasilale kwenye fremu na kuozesha kingo za kioo. Akaniuliza nani aliziba. Nikasema ni waliokaa hapa kabla yetu.

Akanipa na maelezo. Ukungu ukiwa katikati, kingo zimekufa, badilisha kioo. Ukiwa upande wa ndani, unaofutika kwa mkono, kioo hakina shida yoyote: ni mvuke wa chumbani tu, fungua dirisha kidogo kila asubuhi. Akauliza kama nimeelewa. Nikamwambia nimefundisha maelfu ya watu, kuelewa ni kazi yangu.

Kioo ni safi kabisa. Nikavuta kiti, nikakifuta vumbi, nikaenda kumwita mama mkwe aje aone.

Hayupo. Ametoka na Bi Ok. Sasa wanakwenda ufukweni kila siku, wanaimba huko, watu wameshawazoea. Alirudi jioni mashavu mekundu, akakaa kwenye kiti nilichomwekea, akakigeuza kuelekea televisheni, dirisha likawa nyuma yake.

Nikasema, Mama, kioo. Akageuka nusu. Akasema ni kizuri. Akauliza tamthilia imefika wapi.

Supu ya maharage leo ilikuwa yake. Wakati wa kula akamwambia mke wangu, kwa sauti ya juu ya kuishinda televisheni, kwamba mumeo akianza jambo hulimaliza, hata likiwa la kijinga namna gani. Mke wangu anasema hizo si sifa. Mimi nimeziandika kama sifa.

Jumatatu, 18 Desemba

Mke wa Du-sik amepiga simu asubuhi, anaongea kwa kunong'ona. Dirisha la chumba chao cha kulala limeingia ukungu. Ghorofa jipya, halina hata mwaka. Du-sik hataki mtu ajue, hasa mimi. Ana mafua, usiku kucha wanawasha ile mashine ya kutoa mvuke, na nguo wanaanika humohumo chumbani kwa sababu nje zinaganda. Akauliza kama kuna ubaya.

Sikucheka. Mtaalamu hacheki. Nikamuuliza ukungu uko upande gani. Akasema wa ndani. Nikamwambia aufute kwa kidole. Nikasubiri kwenye simu. Akasema umefutika vizuri, ameandika hata jina la mtoto.

Nilikaa kitako. Katika ukungu wote niliowahi kuushughulikia mimi, hakuna hata mmoja uliofutika. Wangu angalau ulijizuia katikati. Huu umeshavunja kingo zote na kumwagika chumbani. Nikamweleza taratibu, kwa kuwa ni mama mwenye mtoto mdogo, kwamba hiyo ndiyo hatua mbaya zaidi. Asiguse kitu. Zaidi ya yote asifungue dirisha.

Akanishukuru. Akauliza kama nisingependa kwanza kumwuliza yule fundi. Nikamwambia Pyo ni kijana mzuri, lakini yeye anajua kioo kipya tu.

Mke wangu ameniona navaa viatu akauliza, Mume wangu, unakwenda wapi na mfuko huo. Nimemwambia nakwenda kusaidia ndugu. Lazima nipitie dukani kwanza. Ghorofa lile ni vioo vitupu kila upande, na silikoni iliyobaki haitatosha hata chumba kimoja.